Vaa kikwembe kazini, usingoje ruhusa ya mtu

Juzi mdogo wangu mmoja wa Likasi aliniandikia hivi, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, nimeitwa kwenye mahojiano ya kazi. Nina kikwembe changu cha bluu, kizuri, bado hakijashonwa. Mama mdogo ananiambia nikaazime kostimu kwa jirani, eti kikwembe ni cha harusi na kilio. Unasemaje?"

Ninasema kishonwe na akivae, hicho kikwembe ambacho wengine mnakiita kitenge, na aiache hiyo kostimu, yaani suti. Lakini najua jibu fupi halitamshinda mama mdogo, na najua wengi mnaonisoma mko kwenye njia hiyohiyo: mnataka kazi nzuri, mnataka kuheshimiwa mezani, na hamtaki kuonekana watu wa kuazima. Kwa hiyo acheni niseme kwa urefu.

Mambo mawili yamenishika sana siku hizi katika mavazi, na walio karibu nami hapa Lubumbashi wanayajua hata kabla sijafungua mdomo. La kwanza ni kikwembe cha kazini, kilichokatwa kwa utulivu, bila mabawa ya mabega wala shanga. La pili ni abakosti. Ndiyo, abakosti, lile koti la baba zetu. Nitaifikia.

Kwanza niwaambie kilichonipata. Wakati natafuta kazi niliingia ofisi moja ya hapa mjini nikiwa na sketi ya kikwembe iliyopita goti na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Dada wa mapokezi aliniangalia toka kichwani hadi miguuni, akaniuliza mbele ya watu wote: "Mama, harusi iko wapi leo?" Waliokaa kwenye viti wakacheka. Mbele yangu alisimama kijana mwenye kostimu iliyomzidi, mikono imemfunika mpaka vidole, bei ya mtumba bado imeandikwa kwa chaki kwenye pindo la nyuma. Yeye akaitwa mesye, akaonyeshwa kiti. Mimi nilisubiri nimesimama.

Kazi ile sikuipata. Siwezi kuapa kwamba ni sketi iliyoninyima, ila swali lile limekaa ndani yangu hadi leo. Ya katikati nayaruka, maana ni ya kuhangaika kama ya kila mtu. Leo ninashika hesabu za kampuni ya usafirishaji, ninakaa meza moja na wateja wa kutoka Zambia na Tanzania, magari yanayopita mpakani Kasumbalesa usiku na mchana, na siku nyingi za wiki nimevaa kikwembe. Hakuna aliyeniuliza tena harusi iko wapi. Nasema kwa fahari, na fahari hiyo nimeitolea jasho.

Sasa tuingie kwenye hoja. Mtu anapokuambia kostimu ndiyo nguo ya kazi na kikwembe ni cha sherehe, huzungumza kama vile mambo yalikuwa hivyo tangu dunia kuumbwa. Sivyo. Katika nchi hii mavazi yamepangwa kwa amri ya mkubwa, na amri hiyo imegeuzwa mbele ya macho ya wazazi wetu.

Oktoba 1971 Rais Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire, na siasa ya kurudi kwenye uhalisi ikaingia mpaka kabatini. Kostimu na tai vikakatazwa. Wanaume wakavaa abakosti, koti lisilo na tai, shingoni pengine kitambaa laini. Wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na wigi, na kikwembe kikawa ndiyo vazi la raia mwema. Kisha tarehe 24 Aprili 1990, kule N'sele, Kinshasa, katika hotuba ileile aliyotangaza vyama vingi, Mobutu akafungulia tai. Watu walioonekana wa maana asubuhi kwa abakosti zao wakaanza kuonekana wa zamani.

Fikirieni hilo. Mwaka 1975 mama mdogo angemwambia mdogo wangu avae kikwembe, na angekuwa anafuata amri. Leo anamwambia aazime kostimu, na bado anafuata amri, ila ya leo haina mtu aliyeisaini.

Ndiyo maana nawaheshimu wana-Sape, wale watu wetu wa kuvaa kwa umaridadi, ingawa sifuati nyayo zao zote. Wao walivaa kostimu na viatu vya ngozi wakati serikali ilisema hapana. Mwanamuziki Papa Wemba aliwaonyesha vijana kwamba fukara wa mtaani anaweza kupita barabarani akiwa amenyooka kuliko waziri. Alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akafariki, siku na mwezi uleule tai ilipofunguliwa, na mimi huwa siachi kuliwaza hilo. Nisichokubali katika Sape ni deni. Kijana anayelala na njaa kwa ajili ya lebo ya Paris amepata bwana mwingine tu.

Turudi kwa abakosti. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Katuba, na alikuwa nayo moja ya kahawia, ya kitambaa cha terigali. Mama aliitunza kwenye valizi. Nilipoitoa mwaka jana nilikaa nayo kitandani muda mrefu nikiigeuza ndani nje. Kola imelala pana bila kukunjamana hata baada ya miaka yote hiyo, kwa sababu fundi aliweka kitambaa kigumu ndani mara mbili na kukishika kwa sindano ya mkono, kishono kidogo kidogo ambacho hukioni mpaka uweke dole. Mistari ya bega inakutana sawasawa na ya mkono. Chini ya kwapa na ubavuni ameacha upana wa vidole viwili vya kitambaa, ili nguo iweze kutanuliwa mwili ukibadilika. Huyo fundi alishona nguo ya maisha ya mtu.

Niliibeba mpaka Kamalondo kwa fundi wangu. Nikamwambia nataka ya hivi, kola hii, vifungo hivi, kwa kikwembe cha nili, na suruali yake.

"Mama, abakosti kwa mwanamke?"

"Fundi, wewe kata."

Hakuifumua ya baba hata uzi mmoja. Aliipanga juu ya meza, akapima bega kwa utepe, akachora kola kwenye karatasi ya khaki, akaigeuza, akachora tena. Nilipoenda kumwonyesha mama nikiwa nimeivaa, mama alinyamaza, kisha akasema: "Enzi zile wangekushusha barabarani." Halafu akaninyoosha kola kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimfanyia baba.

Nguo ya kiongozi aliyewakataza wanawake suruali, mimi naivaa na suruali. Nguo yoyote tuliyoletewa hapa, iwe kwa amri au kwa meli, tumeigeuza mpaka ikatutii. Huo ndio utamaduni wetu ninaoujua mimi.

Maana hata kikwembe chenyewe, ndugu zangu, tusidanganyane. Vlisco, kampuni ya kutengeneza vikwembe, ilianza mwaka 1846 kule Helmond, Uholanzi. Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, na soko lao kubwa likaja kuwa huku Afrika. Kwa hiyo sikivai kwa kudai kwamba babu wa babu yangu alikivaa. Ninakivaa kwa sababu mama zetu walikichukua wakakifanya chao. Pwani ya Tanzania na Kenya kanga huja na maneno yake yameandikwa kiwandani. Kikwembe chetu huja bubu, na mama wa sokoni ndiye hukipa jina, na jina likipendwa, bei inapanda. Mama yangu aliweka vikwembe vyake bila kuvikata, na ada ya shule ilipofika, kimoja kilitoka kwenye valizi kikaenda kuuzwa. Ilikuwa benki yake, na haikuwahi kumfungia mlango.

Na kwenye orodha ya mahari, angalieni: kostimu ya baba mkwe, kikwembe cha mama mkwe. Tunakubali wazi kwamba vitu hivi viwili vina uzito mmoja. Kwa nini basi kimoja kiingie ofisini na kingine kibaki nje?

Sasa ushauri, kwa sababu najua mmekuja kwa huo.

Kwanza, jua unanunua nini. Geuza kitambaa. Waksi ya kweli, yaani kikwembe kilichochorwa kwa resini, haina mgongo wala tumbo, rangi ni ileile pande zote mbili, kwa kuwa resini hupigwa pande zote kabla ya kitambaa kuzamishwa kwenye nili. Resini ikipasuka, rangi hupenya kwenye nyufa, ndipo unapoona ile mishipa myembamba inayotembea juu ya maua. Mishipa hiyo hairudii njia. Ukiona inafanana kabisa kila baada ya hatua moja ya maua, hiyo imechapwa tu. Maandishi ya ukingoni yasome, lakini usiyaamini peke yake, maana nayo yanaigwa. Yadi 6 za Uholanzi zitakula sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu, na simwambii mtu ajiue. Ninavyo vikwembe vya Hitarget vya China ninavyovaa kazini bila wasiwasi. Kosa ni kulipia Uholanzi ukapewa kingine.

Kiloweke kitambaa kwenye maji baridi na kukianika kivulini kabla hakijaenda kwa fundi. Pamba hurudi. Ikirudi baada ya kushonwa, vifungo vitakuumbua.

Pili, jua unamwambia fundi nini. Usimpelekee picha ya simu ya mwanamke wa Lagos aliyevaa kwa ajili ya sherehe, halafu ulalamike kwamba umeonekana wa sherehe. Hapa ndipo wengi wanapomharibia kikwembe jina lake. Kitambaa kina kelele ya kutosha, kwa hiyo mkato unyamaze: mkono wa kawaida, kola safi, urefu wa kupita goti. Maua makubwa yakae mahali ulipopaamua wewe, yasiangukie kifuani au makalioni kwa bahati. Mwambie fundi ayakutanishe kwenye mshono wa nyuma. Fundi anayesema haiwezekani hajapenda kujaribu. Na aache kitambaa cha ziada ndani, kama yule wa baba.

Toa avansi ya nusu, usilipe yote. Mwambie unaitaka siku chache kabla ya siku yako.

Tatu, viatu. Lubumbashi ina vumbi jekundu ambalo kiangazi halimwachi mtu. Tembea na kitambaa kidogo kwenye mkoba, ufute viatu kabla hujapita mlangoni. Hilo nimelichukua kwa wana-Sape na silirudishi.

Wapo watakaoniuliza, na mitumba je? Ninavaa mitumba. Blauzi zangu nyeupe nyingi zilitoka kwenye baloti, na kuna za daraja la kwanza zenye pamba ambayo huioni kwenye maduka ya kioo. Lakini kwenye mtumba unachagua katika alichokitupa mwingine. Kwa fundi unaanza na wewe mwenyewe: bega lako, urefu wako, kazi unayoifanya. Vijana wetu wajifunze tena kusimama mbele ya utepe wa fundi na kusema wanachokitaka. Anayeshindwa kumwambia fundi anataka kola gani, siku ya kuulizwa anataka mshahara gani atajiuma ulimi. Nimewaona. Wanakuja ofisini kwetu na kostimu za kuazima, na muda wote wanavuta mikono ya koti badala ya kujibu.

Nawaambia pia wakubwa walio na ofisi: mkimwona binti amekuja na kikwembe kilichonyooka, mpeni kiti. Alikipima, alikilipia, alikipiga pasi kwa ajili yenu. Hiyo ni heshima zaidi ya koti ambalo mwenyewe analingoja lirudishwe jioni.

Mdogo wangu wa Likasi, picha uliyonitumia nimeiangalia vizuri. Ile bluu yenye majani madogo ndiyo, siyo ile yenye ndege. Koti fupi, kola ya abakosti, sketi nyeusi ya kawaida chini ili koti lizungumze peke yake. Hereni ndogo. Mama mdogo mwambie yaya wa Lubumbashi amekusalimia, na kostimu ya jirani ibaki kwa jirani. Ila nenda kwa fundi wiki hii, usingoje. Shule zinafunguliwa mwezi wa tisa, na iniforme za bluu na nyeupe zikianza kurundikana kwenye cherehani, hakuna fundi atakayekushika hata ukimpa pesa yote mkononi.