Kutoka Mwanza hadi Mbeya kwa Reli: Namna ya Kupanga Safari Isiyo na Treni ya Moja kwa Moja

Watu wa Kanda ya Ziwa wenye ndugu Nyanda za Juu Kusini huniuliza mara kwa mara kama inawezekana kwenda Mbeya kwa treni. Inawezekana, ingawa hakuna treni hata moja inayotoka Mwanza ikafika huko. Reli ya Kati humpeleka msafiri mashariki kupitia Shinyanga, Tabora na Dodoma hadi Dar es Salaam, kisha TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, humrudisha kusini-magharibi. Hakuna behewa linaloweza kupita njia hiyo yote, kwa sababu Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067 na reli ya kisasa ya SGR milimita 1,435. Reli ya zamani na TAZARA hukutana Kidatu, mkoani Morogoro, lakini pale ni mahali pa kuhamishia mizigo, si pa abiria kubadilishia treni.

Anayetaka kufika upesi apande basi. Yapo yanayopita Tabora, Sikonge na Chunya, na njia hiyo ni fupi kuliko mzunguko wa reli. Mimi huchagua reli kwa sababu nasafiri na mama yangu, ambaye miguu humvimba akikaa kwenye kiti usiku kucha, na kwake kitanda cha behewa la kulala si anasa. Wenye watoto wadogo, wagonjwa au mizigo mingi watanielewa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kupanga safari hii kuanzia mwisho. Wengi huanza na tiketi ya Mwanza kwa kuwa stesheni iko karibu nao, kisha wakifika Dar es Salaam hukuta treni ya TAZARA imeondoka jana yake, na gharama ya kulala na kula mjini wakisubiri nyingine huzidi nauli. Katika safari yenye vipande vingi, treni inayopita kwa nadra ndiyo inayotawala ratiba nzima. SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, huenda na kurudi kila siku na huchukua takribani saa nne au pungufu, kwa hiyo ukiikosa ya asubuhi unaweza kupata ya baadaye. TAZARA, kwa ratiba yake ya miaka mingi, huondoka Dar es Salaam mara mbili tu kwa wiki, na ratiba hiyo hubadilika au husimama kwa muda. Kwanza hakikisha kwa simu kwamba treni ya TAZARA itakuwepo na kwamba kuna vitanda, andika tarehe yake, kisha rudi nyuma: siku moja nzima ya akiba Dar es Salaam, kabla yake SGR kutoka Dodoma, na kabla ya hiyo treni ya Mwanza.

Siku hiyo ya akiba msiikate hata kama inaonekana kuwa ni hasara. Treni ya reli ya zamani hutumia njia moja kwa kwenda na kurudi, hivyo husimama stesheni ikisubiri kupishana na nyingine, na kuchelewa kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida. Wakati wa masika hali huwa ngumu zaidi. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambako reli hufuata bonde la mto Mkondoa, kimekatwa na mafuriko mara nyingi, na uharibifu wa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulisimamisha treni kwa muda mrefu. Kushuka Dodoma na kuchukua SGR kunakuepusha na kipande hicho cha reli ya zamani, na ndiyo sababu napendelea kubadilisha hapo badala ya kubaki katika treni ileile hadi mwisho. Kumbuka pia kwamba kila tiketi inajitegemea: treni ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukungoja. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza masharti ya kubadilisha tarehe.

Dodoma, stesheni ya SGR na ile ya zamani ni majengo mawili tofauti, kwa hiyo panga usafiri wa kati yake. Tiketi ya SGR hutaka kitambulisho, na saa zake huandikwa kwa mtindo wa saa 24. 13:50 ni saa saba na dakika hamsini mchana, na mzee anayesafiri peke yake aandikiwe hivyo pembeni.

Dar es Salaam, stesheni ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, mbali na ile ya SGR, na foleni ya njia hiyo hairuhusu kubahatisha. Nenda siku moja kabla ukamalize habari ya tiketi. Hapo kuna utaratibu ambao familia nyingi hushtushwa nao: vyumba vya kulala hupangwa kwa jinsia, wanaume mbali na wanawake, isipokuwa mmenunua vitanda vyote vya chumba. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne. Mimi na mama hulipia vyote vinne, na ingawa bei huniuma, sioni namna nyingine ya kumhudumia usiku.

Wapo wanaokwepa Dar es Salaam kwa kushuka SGR Morogoro, kupanda basi hadi Ifakara kupitia Mikumi, na kuidaka TAZARA huko. Kijana mwenye begi moja anaweza. Kwa mzee sishauri hata kidogo, kwa sababu treni hupita Ifakara usiku na vitanda huenda vimekwisha.

Beba maji ya kutosha na chakula cha akiba, ingawa behewa la chakula lipo. Kati ya Mlimba na Makambako reli hupanda milima kupitia mahandaki na madaraja mengi, na mwendo huwa wa polepole. Wanaokwenda Njombe au Songea washuke Makambako na kuendelea kwa basi. Stesheni ya Mbeya iko Iyunga, nje ya katikati ya mji, hivyo mnahitaji mtu wa kuwapokea, hasa mkifika usiku. Msimpe mwenyeji saa iliyoandikwa kwenye ratiba. Mpigieni simu treni ikishaondoka Makambako, ndipo atoke nyumbani kwa wakati unaofaa.