Usiku wa mbio za dragi: maswali yenu kuhusu usalama

Joto likianza, wasomaji wetu walioko Marekani huniandikia kuhusu usiku wa majaribio. Huo ndio usiku ambao uwanja wa mbio za dragi hufungua lango kwa yeyote mwenye leseni na gari zima: unalipa kiingilio, unakimbia robo maili, yaani mita 402, sambamba na mwenzako. Viwanja vingi hufuata kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani alichoanzisha Wally Parks mwaka 1951 ili mashindano ya vijana yatoke barabarani. Nami naegemea kanuni hizo, ila kila uwanja una nyongeza zake, kwa hiyo uliza langoni.

Nina Subaru WRX ya 2015 ninayoendea kazini. Nataka kuipeleka uwanja wa National Trail Raceway, hapa karibu na Columbus, Ohio. Wakaguzi wanaangalia nini?

Mkaguzi hufungua boneti, akaishika betri na kuitikisa. Ikicheza, unarudishwa. Atatafuta chupa ya kupokea maji ya rejeta yanayofurika, oili inayovuja, na kama kanyagio la mafuta likiachiwa linarudi lenyewe. Tairi zikionyesha nyuzi, au nati ya gurudumu ikikosekana, hukimbii. Taa ya nyuma lazima iwake. Vaa suruali ndefu, shati la mikono na viatu vya kufunika. Kaptura na kandambili ziache nyumbani.

Toa pia kila kitu kilichomo ndani ya gari: jeki, kiti cha mtoto, sarafu za mlangoni. Chupa ya maji ikibingirika hadi chini ya kanyagio la breki wakati unapita mstari wa mwisho kwa kilomita 160 kwa saa, huna breki.

Helmeti ya pikipiki inatosha?

Kanuni inasema gari likimaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au pungufu, helmeti yenye cheti cha Snell ni lazima. Ile WRX ya Columbus iko mpakani mwa muda huo, kwa hiyo mwenyewe anunue. Taasisi ya Snell ilianzishwa 1957, baada ya dereva Pete Snell kufa kwa jeraha la kichwa mbioni mwaka uliotangulia. Alama ya M ni ya pikipiki, SA ni ya magari, na kitambaa cha ndani cha SA kinastahimili moto. Kwa magari ya kawaida viwanja vingi hukubali M. Mimi ningelipia SA, maana ndani ya gari moto ndio wa kuogopwa. Usinunue iliyokwisha kutumika, hujui ilishaangukia wapi.

Nimeona watu wakizungusha tairi kwenye maji kabla ya kuanza. Na mimi nifanye hivyo?

Kama una tairi za kawaida za barabarani, lizunguke dimbwi hilo, usilikanyage. Limewekwa kwa ajili ya tairi laini za mbio zisizo na mifereji. Zako zina mifereji, na mifereji itabeba maji hadi mstari wa kuanzia na kuyaacha pale pale ambapo anayekufuata anahitaji kushika lami. Yeye huenda ana gari lenye nguvu mara tatu ya lako, na akiteleza ataishia ukutani au kwenye njia ya jirani yake. Zima AC pia ukiwa bado kwenye foleni, kwani inadondosha maji. Baadhi ya viwanja hutaka rejeta iwe na maji matupu, kwa sababu kulanti, ile dawa ya kupoza injini, ikimwagika, utelezi wake hauondoki upesi.

Hili ndilo ninalowaomba mlishike kuliko yote: uwanjani, kinachodondoka kwenye gari lako kinamdhuru mwenzako. Watu huogopa mwendo. Mimi huogopa zaidi kijiko cha oili. Ukisikia kishindo au ukiona moshi kwenye kioo, achia mafuta, sogea ukingoni mwa njia yako, simama, zima injini. Usijikokote hadi nje huku ukichora mstari wa oili. Kaa ndani mkanda umefungwa mpaka wahudumu wafike, isipokuwa kama kuna moto.

Nikichelewa taa ya kijani si muda wangu utaharibika?

Hapana. Saa ya muda wako inaanza gurudumu la mbele linapoachia mwale wa mwanga uliopo kwenye mstari wa kuanzia, si taa inapowaka. Angalia mbele kwanza, hakikisha njia iko wazi, ndipo uondoke. Ukishavuka mwisho, shika breki taratibu na usikate mbele ya mwenzako kabla ya kujua yuko wapi. Kugeuza gari na kurudi ulikotoka ni marufuku kabisa.

Mume wangu anataka kwenda na watoto wetu, wa miaka 4 na 7. Niruhusu? (Dallas)

Waende, mama, lakini masikio yao yazibwe vizuri tangu langoni. Eneo la maandalizi ndilo linalonitia hofu: magari yanarudi nyuma gizani, na ya umeme hayasikiki kabisa. Mkono wa mtoto usiachiwe. Jukwaani wakae wakitazama njia, wasiipe mgongo. Mwaka 2010 huko Chandler, Arizona, gurudumu lilichomoka kwenye gari la mbio likamuua mtazamaji. Wala mtoto asipande gari linalokimbia, hata kwa kubembelezwa.

Huku Nairobi vijana wanashindana kwenye bypass saa nane usiku. Wanasema barabara ni pana na haina watu. Tofauti iko wapi?

Kaka, tofauti ni ukuta wa zege. Juni 2007, katika mji wa Selmer, Tennessee, gari la mbio lilizungusha tairi hadi zikatoa moshi barabarani kwenye onyesho la hisani, watu wakiwa wamejipanga kando bila kizuizi chochote. Likapoteza mwelekeo na kuua watu 6. Usukani ulikuwa mikononi mwa dereva wa kulipwa, si kijana wa majaribio. Na bypass ina boda boda bila taa, lori lililoharibika bila pembetatu, mtu anayevuka akitoka zamu ya usiku. Hakuna zimamoto anayesubiri kando. Hata kutazama, usiende.

Kabla ya kurudi nyumbani nifanye nini?

Umande ukianza, lami inapoteza mshiko. Wakitangaza kufunga, usibembeleze mkimbio wa mwisho. Acha breki zipoe bila kuvuta breki ya mkono. Kaza nati zote upya, rudisha upepo wa tairi kama uliupunguza, pima oili, na kifunge kiti cha mtoto mahali pake.