Cujo ya Stephen King: mbwa anatisha, kitabu kimelegea

Mkuu, nimekusoma. Umemaliza The Shining na Misery, riwaya za kutisha za Mmarekani Stephen King, mzuka bado uko juu, sasa umeikuta Cujo kwa wauza vitabu vya mtumba na unauliza kama Stephen King yule yule yumo humo ndani au utatupa pesa yako. Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika, wengine wanaisifia, wengine wanasema takataka. Mimi nimeisoma mara mbili, na nakuambia: haizifikii hizo mbili, wala haisogelei Pet Sematary, riwaya yake nyingine. Lakini inunue.

Kwa wasioijua: kiangazi cha 1980, mji mdogo wa kubuni unaitwa Castle Rock, jimbo la Maine, Marekani. Kuna mbwa anaitwa Cujo, aina ya Saint Bernard, uzito unakaribia kilo 90, yaani chukua gunia la mahindi uliwekee miguu minne. Mpole, watoto wanampenda. Siku moja anamkimbiza sungura, anaingiza kichwa kwenye shimo, mle ndani kuna popo, wanamng'ata puani. Mwenye mbwa ni fundi magari, Joe Camber, na hakuwahi kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Baada ya siku kadhaa mama mmoja, Donna Trenton, anapeleka Ford Pinto yake kwa huyo fundi, amempakia mwanawe Tad wa miaka 4. Kabureta inasumbua, gari linazimika pale pale uani na haliwaki tena. Nyumbani hamna mtu. Mbwa yuko nje. Jua linawaka, vioo inabidi viwe juu, na kitabu kinawaweka humo kwenye hiyo Pinto kwa siku mbili na zaidi.

Yeyote aliyewahi kuendesha gari la kabureta iliyochoka anajua ule mlio wa stata unaogeuka kuwa mkoromo, unajiambia nisubiri dakika kumi betri ipumzike. King anaupata ule mlio sawasawa. Donna anahesabu mara ngapi ajaribu kabla betri haijafa, na wewe unahesabu naye.

Lakini ukurasa ulioninasa hauko kwenye gari. Uko kabla. Brett, mtoto wa fundi, anatoka nje alfajiri ya siku anayosafiri na mama yake, kuna ukungu mzito, anamwita mbwa wake. Mbwa anajitokeza kutoka kwenye ukungu, macho yamekuwa mekundu, manyoya yamejaa matope, na ananguruma. Mtoto anasimama. Mbwa naye anasimama. Bado kuna kitu kidogo kichwani mwa yule mbwa kinachomkumbuka huyu ni nani, kinamvuta kurudi nyuma, na anageuka anapotea kwenye ukungu. Hakuna damu hata tone.

Pale nilifunga kitabu. Nina sababu. Nimekulia kwa bibi, Ulanga, na jirani alikuwa na mbwa wa kahawia anaitwa Popi. Popi alikula ugali mikononi mwetu. Asubuhi moja nikiwa na miaka kama tisa alikuja kwenye njia ya katikati ya mahindi, habweki, taya limeanguka, udenda unaning'inia, anatembea kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Tukadhani ni mfupa kweli. Binamu yangu akainuka ili akautoe. Bibi alikuwa anapepeta mchele, hakupiga kelele, alisema kwa sauti ya chini tu: "Wajukuu zangu, msimguse. Pandeni mwembe." Tukapanda. Popi akapita chini yetu, akaung'ata mpini wa jembe uliokuwa umelala pale, akaendelea na safari yake. Hakututazama. Sikujua jinsi ya kueleza kilichonitisha siku ile mpaka nilipoisoma ile alfajiri ya ukungu. Ni kwamba alikuwa anatujua.

Baadaye alimng'ata mtoto wa nyumba ya tatu. Zahanati ya kwanza chanjo hamna, ya pili hamna, baba yake akauza mbuzi wawili wapate nauli na sindano za mjini. Akapona. Wenye bahati mbaya kuliko yeye ni wengi, maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu wote hufa. (Uking'atwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu kimbilia chanjo. Sijali kama uzi huu ni wa vitabu.)

Sasa hapo ndipo ugomvi wangu na King unapoanzia. Ugonjwa wenyewe unatosha. Virusi vinapanda kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, koo linagoma kumeza, kila sauti inakuwa mateso. King anajua hayo yote, ndiyo maana simu ikilia ndani ya nyumba ya fundi, mbwa anachanganyikiwa na kulivamia gari kana kwamba gari ndilo linalolia. Tena anatuingiza ndani ya kichwa cha mbwa, tunaona ulimwengu wa harufu ukigeuka maumivu, na mbwa mwenyewe haelewi kwa nini. Sisi wengine hatukulelewa na mbwa wa kulala kitandani, wa kwetu ni mlinzi, analala nje, na kwa majirani wengi kumgusa ni kujitia najisi. Bado kurasa hizo zilinifanya nimhurumie.

Halafu na kitu hicho mkononi, mwandishi anamwongezea mzimu. Kitabu kinaanza kwa kutukumbusha Frank Dodd, polisi muuaji kutoka riwaya yake ya 1979, The Dead Zone, na mtoto Tad anaona dude lenye macho yanayong'aa kwenye kabati lake la nguo. Je, roho ya Dodd imemwingia mbwa? Kitabu kinanong'ona ndiyo, kisha kinanyamaza, kinanong'ona tena kurasa mia mbele. Mimi sina shida na mizimu, bana. The Shining ni mizimu mwanzo mwisho. Lakini kule hoteli inamshika mwangalizi wake, Jack Torrance, pale pale alipo dhaifu, kwenye pombe na hasira, huwezi kutenganisha mzimu na mtu. Kwenye Cujo unaweza kukitoa kile kitu cha kabatini chote, hadithi isiyumbe hata kidogo. Kitu kinachotoka bila kuacha shimo kilikuwa hakina kazi.

La pili ni matangazo. Vic, mume wa Donna, ana kampuni ndogo ya matangazo na mwenzake, na mteja wao mkubwa anatengeneza nafaka za watoto za kifungua kinywa. Wametoa aina nyekundu ambayo rangi yake haiyeyuki tumboni, mtoto akitapika mzazi anadhani ni damu. Balaa, maana tangazo lao lina profesa anayewaambia wananchi kila siku kwamba hapa hakuna kasoro yoyote. Wazo ni zuri! Nchi inaambiwa hakuna kasoro huku mbwa mwenye kasoro anazurura uani. Ila mzaha wa kurasa tano umekuwa wa kurasa sijui ngapi, vikao, ndege, hoteli, vikao tena, na mimi nimeacha mtoto wa miaka minne bila maji kwenye gari. Mara ya kwanza nilizisoma kwa adabu. Mara ya pili nilifunua tu, sikukosa kitu.

La tatu, na hili ndilo linalonikera kuliko yote, ni sadfa. Lazima Donna asiokolewe, basi kila anayeweza kumwokoa anaondolewa njiani. Safari ya mke wa fundi nairuhusu, tena ni kipande kizuri sana: Charity ameshinda dola 5,000 za bahati nasibu, anamnunulia mumewe winchi ya minyororo ya kunyanyulia injini ili aruhusiwe kumpeleka mwanawe Connecticut kwa dada yake. Na Brett anapotaka kusema mbwa anaumwa, mama anamtuliza, maana anajua mume akisikia hivyo safari imekufa. Hiyo ni ndoa, hiyo si sadfa. Lakini kuna mpenzi wa zamani wa Donna anayevunjavunja nyumba yao, polisi wote wanahangaika na yeye, na sherifu, mkuu wao, anapofika uani peke yake hatoi kwanza taarifa kwa redio. Mpaka hapo nilikuwa nauona mkono wa mwandishi ukisukuma kete.

Linganisha na Misery uliyotoka kuisoma, ya 1987. Mtu mmoja kitandani, nesi mmoja, taipureta isiyo na herufi ya N. Kila kinachohitajika kimo ndani ya chumba, na kila anachokosa Paul Sheldon unajua kwa nini anakikosa. Cujo ilikuwa na chumba kidogo kuliko hicho, chumba cha vioo chenye joto la kuua, na mwandishi akawa anatoka nje kila mara kupunga upepo.

Kuna wanaosema kitabu kimelegea kwa sababu ya pombe. King mwenyewe kwenye On Writing, kitabu chake cha 2000 kuhusu maisha yake na uandishi, anakiri kwamba hakumbuki sana kuiandika Cujo. Sikubali kwamba hiyo inatosha, kwa sababu Misery nayo imetoka kwenye miaka hiyo hiyo ya ulevi na kokeini, na imebana kama ngoma.

Kitu kimoja kitakushangaza: hakuna sura. Kitabu kizima ni mkanda mmoja, nafasi ndogo tu kati ya kipande na kipande. Wengine kinawachosha. Kwangu kimefanya kazi, hupati pa kupumzikia, sawa na walioko garini.

Onyo, sasa nagusa mwisho. Ruka aya hii kama hutaki kujua. Kwenye filamu ya 1983 mtoto anapona. Kwenye kitabu Donna anammaliza mbwa kwa kipande cha gongo la besiboli lililovunjika, na Tad amekwisha kufa, si kwa meno bali kwa joto na kiu. Wengi wamemchukia King kwa hilo. Mimi naona ndipo aliporudi kuwa yeye, baada ya kuzungukazunguka kote kule. Na kuna kipande kidogo cha mwisho watu hawakitaji: Charity na Brett wanapata mbwa mwingine, mdogo, na safari hii anachanjwa. King anakitaja kama habari ya kawaida. Kwa bibi yangu nako mwaka ule afisa mifugo alipokuja na kijokofu chake begani, foleni ya watoto na mbwa wao kwenye kamba za katani ilifika mpaka mtoni. Mwaka uliofuata walikuja wachache.

Kwa hiyo nunua. Usilipe bei ya kitabu kipya, maana yule jamaa akiona jina la King anapandisha. Kama gundi ya mgongo imeachia, mwonyeshe. Kurasa za nafaka pita haraka, za alfajiri ya ukungu usizipite. Ukimaliza tafuta Gerald's Game, ya 1992: mwanamke kafungwa pingu kitandani, nyumba iko mbali na watu, na mbwa mwenye njaa anaingia. Yale yale, ila safari hiyo hakutoka nje ya chumba ovyo.