Andika Mteja Anavyolipa, Si Anavyoahidi: Makadirio ya Fedha kwa Biashara Ndogo

Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na sisi tunaouza vifaa vya ofisi hapa Dodoma huutambua mwezi huo kwa wingi wa oda. Rimu za karatasi, wino wa printa, mafaili na bahasha hutakiwa kwa haraka, kwa kuwa kila ofisi hutaka kukamilisha manunuzi yake kabla mwaka haujafungwa. Kwa mauzo, hakuna mwezi unaoufikia Juni. Lakini kwa fedha iliyomo mkononi, Julai na Agosti inaweza kuwa miezi migumu kuliko yote, kwa duka lilelile lililouza sana wiki chache kabla, kwa sababu ofisi nyingi huchukua mzigo kwa mkopo na kulipa baadaye. Nimeendesha biashara ya vifaa vya ofisi na uchapaji kwa miaka mingi, na jambo ambalo natamani kila mwenye biashara ndogo alifahamu mapema ni kwamba biashara yenye faida inaweza kushindwa kulipa pango, na kwamba kinga yake ni karatasi ya makadirio ya fedha iliyoandikwa kwa tarehe ambazo fedha itafika kweli.

Karatasi hiyo ni rahisi kuitengeneza. Juu unaandika salio ulilonalo leo, chini yake fedha unayotarajia kuingia, kisha fedha itakayotoka, na mwisho salio litakalobaki, ambalo ndilo linaloanzia wiki inayofuata. Mimi hutazama mbele wiki kumi na tatu, yaani robo mwaka, na nawashauri wenzangu wasifanye hesabu hii kwa mwezi mzima mzima, kwa sababu mwezi unaweza kuficha shimo lililo katikati yake.

Chukua mfano wa duka linaloanza mwezi likiwa na shilingi 2,400,000. Wiki ya kwanza zinaingia 900,000 na kutoka 1,100,000, hivyo zinabaki 2,200,000. Wiki ya pili zinaingia 850,000, lakini ndiyo wiki ya kulipa pango la miezi mitatu, 1,800,000, pamoja na mzigo wa 1,500,000 kutoka kwa muuzaji wa jumla, kwa hiyo salio linakuwa pungufu kwa 250,000. Wiki ya tatu zinaingia 1,000,000 na kutoka 300,000. Wiki ya nne ofisi moja inalipa deni lake, zinaingia jumla ya 2,600,000 na kutoka 700,000, na mwezi unafungwa kwa salio la 2,350,000. Anayetazama mwezi ataona kwamba ameanza na kumaliza karibu palepale, wakati katika wiki ya pili alikuwa hana fedha ya kulipa alichokuwa ameahidi. Aliyeliona shimo hilo wiki tatu kabla anaweza kumpigia simu muuzaji wa jumla wa Kariakoo na kumwomba nusu ya mzigo ije sasa na nusu ije wiki ya nne. Ombi hilo likitolewa mapema hukubaliwa mara nyingi, na likitolewa siku ya malipo husikika kama kisingizio.

Sehemu yenye kazi kubwa ni fedha inayoingia. Mauzo ya taslimu, yakiwemo yanayopitia Lipa Namba, hayasumbui sana, maana daftari la mwaka uliopita hukuonyesha wiki kama hizi zilikuwaje, nawe unaongeza au kupunguza kulingana na unavyoona hali. Matatizo yapo kwenye mauzo ya mkopo. Kwa hayo ninaweka daftari la pekee, kila mteja ukurasa wake, na kila ukurasa una safu nne: tarehe ya LPO (hati ya oda inayotolewa na ofisi inayonunua), tarehe mzigo ulipopokelewa stoo, tarehe ankara ilipofika uhasibu, na tarehe fedha ilipoingia benki. Baada ya oda kadhaa, ukurasa huo unakueleza tabia ya mteja kwa uwazi ambao mazungumzo hayawezi kukupa. Ofisi moja inaweza kuwa na maofisa wakarimu wanaosema kila mara kwamba malipo yatatoka ndani ya wiki mbili, na daftari likakuonyesha siku 40, kisha siku 62, kisha siku 55. Kwenye makadirio andika siku 62. Ikilipa mapema, hakuna kitakachoharibika.

Ni vizuri pia kuelewa kwa nini malipo hayo huchelewa, kwa sababu mwenye kuelewa hatua anaweza kufuatilia bila kugombana na mtu. Mzigo ukishafika, unatakiwa ukaguliwe na kupokelewa rasmi kwa maandishi. Ankara yako, pamoja na nakala ya LPO na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), inaingia kwenye hati ya malipo inayopitia mikono ya watu kadhaa wa kuidhinisha, kila mmoja akiwa na haki ya kuirudisha ikiwa namba moja haifanani na nyingine. Hata ikikamilika, kifungu husika cha bajeti ya ofisi hiyo kinapaswa kuwa na fedha, na fedha za matumizi ya ofisi huja kwa migao. Kwa hiyo mimi huisogeza tarehe ya malipo karibu pale tu karatasi zinapopita hatua. Maneno ya kwenye korido siyaandiki. Mara nyingi nimeona ankara ikikaa kwa sababu ya jambo dogo kama jina la kampuni kuandikwa tofauti na lilivyo kwenye akaunti ya benki, na mwenye mali akiendelea kuamini kwamba yupo kwenye foleni. Kwenda uhasibu wiki moja baada ya kupeleka ankara, kwa adabu, na kuuliza kama kuna kinachopungua, ni sehemu ya kazi ya kukadiria.

Jingine ni kwamba kiasi kitakachoingia hakitakuwa sawa na kilichoandikwa kwenye ankara. Unapoiuzia Serikali bidhaa, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2, hivyo ankara ya 5,000,000 kabla ya VAT itakuletea 4,900,000. Makato hayo huhesabiwa kuwa ni kodi uliyokwisha kulipa, mradi uwe na hati yake, lakini hayawezi kununua mzigo mwezi huu. Kwa aliyesajiliwa VAT kuna uzito zaidi: VAT ya ankara za Juni hutakiwa TRA kufikia tarehe 20 Julai, hata kama mteja atalipa Septemba. Asilimia 18 ya mauzo ambayo hujalipwa ni fedha nyingi, na lazima iwe na mstari wake kwenye karatasi.

Fedha inayotoka ni rahisi zaidi kukadiria, kwa kuwa sehemu kubwa ina tarehe inayojulikana: mishahara, pango, marejesho ya mkopo, umeme, leseni. Anayelipa kodi ya mapato kwa makadirio ya TRA hulipa kwa awamu nne zinazoishia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, nami nasisitiza hiyo ya 30 Juni kwa sababu kwa biashara kama yangu inaangukia siku zilezile ambazo fedha yote imegeuka kuwa mzigo ulio kwenye stoo za watu wengine. Mstari unaosahaulika zaidi ni wa mwenye mali mwenyewe. Ada za shule za Januari, michango ya harusi, safari ya msiba kijijini, vyote hivyo hutoka kwenye droo ya duka hata kama hakuna anayeviandika. Jiwekee kiasi maalumu kwa wiki, kiandike kama unavyoandika mshahara wa msaidizi wako, na Januari kiongeze kwa uwazi. Siyo aibu duka kulisha familia, ndiyo maana lilifunguliwa, lakini kinacholisha familia kinapaswa kuonekana kwenye hesabu. Vilevile, salio la kuanzia lijumlishe benki, simu na droo, na ikiwa duka lina uwakala wa fedha kwa simu, floti ya uwakala, yaani fedha ya kuhudumia wateja wa miamala, isiingizwe humo.

Dodoma ina kalenda yake, na makadirio yasiyoijua yatapotoka. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi baada ya mwaka 2016, na ofisi zikajengwa Mtumba, wateja wa mkopo wameongezeka kwa wengi wetu, na hivyo umbali kati ya kuuza na kupokea fedha umeongezeka pia. Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, huleta wageni wengi mjini, na wenye migahawa, nyumba za kulala wageni na usafiri hupata taslimu ya kila siku. Likimalizika, mji hupungua. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma nao wanapokwenda likizo ndefu, kazi ya kutoa kopi na kufunga ripoti hushuka hadi mwaka wa masomo unapoanza tena, kwa kawaida Oktoba au Novemba. Wenzetu wa Kibaigwa na Kongwa wanaotegemea mahindi na alizeti wana hesabu nyingine kabisa: mvua zetu ni za msimu mmoja, mavuno huanza kuingia takribani Mei, na mteja mkulima huwa na fedha baada ya hapo, huku miezi ya Januari hadi Machi akiomba kukopa. Kila mtu achore kalenda ya wateja wake kabla hajaandika namba yoyote.

Karatasi ikishakuwepo, huhitaji zaidi ya nusu saa kwa wiki kuitunza. Mimi hufanya hivyo Jumamosi jioni baada ya kufunga. Naandika kilichoingia na kutoka kweli pembeni ya nilichokadiria, na palipo na tofauti kubwa naandika sababu kwa maneno machache, kisha naongeza wiki moja mwishoni ili zibaki kumi na tatu. Daftari kubwa lenye mistari linatosha. Anayetumia kompyuta atafurahia kwamba ukibadilisha namba moja salio zote hubadilika zenyewe, ila usahihi unatokana na daftari la wateja, chombo chochote utakachotumia.

Manufaa yake makubwa nimeyaona kwenye kuamua kama nikubali oda au la. Tuseme Juni inaletwa LPO ya 5,000,000. Mzigo wenyewe utagharimu 4,200,000 na usafiri kutoka Dar es Salaam 100,000, kwa hiyo ziada ni 700,000. Kabla ya kukubali, iingize oda hiyo kwenye karatasi: 4,300,000 zitoke wiki hii, na malipo yaingie kwa siku ambazo ukurasa wa mteja huyo unaonyesha. Kama salio linabaki juu ya sifuri wiki zote, pokea. Kama linazama, uliza ofisi husika kama inaweza kupokea kwa awamu, ili ulete sehemu ya mzigo, upeleke ankara yake, kisha sehemu ya pili ifuate. Ofisi nyingi huridhia ikiwa mahitaji yenyewe siyo ya siku moja.

Wengi hukimbilia kukopa badala ya kuuliza swali hilo, na hapo ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu nimeona maduka mazuri yakifungwa kwa mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa mno, iliyochukuliwa ili kuhudumia mteja mzuri. Ukikopa 2,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi na mteja akalipa baada ya miezi mitatu, riba ni 600,000, na kati ya ile ziada ya 700,000 zinabaki 100,000 kabla hujamlipa msaidizi wala pango. Ikiwa mkopo hauepukiki, nenda benki ukiwa na LPO, karatasi ya wiki kumi na tatu na ukurasa wa mteja husika, na uombe tarehe ya rejesho la kwanza iwekwe baada ya wiki ambayo, kwa kumbukumbu za daftari lako, ofisi hiyo hulipa.