Usiamini rangi: namna ninavyoitambua vinia ya fanicha kuukuu

Mwenye kabati akikuletea kazi atakwambia, "Hii ni mahogani." Fanicha yoyote ya zamani yenye wekundu huitwa mahogani. Mimi huitikia tu, kisha nachukua bisibisi.

Fungua kishikio cha droo au bawaba ya mlango. Chini yake jua halijawahi kupiga, kwa hiyo vinia, yaani lile tabaka jembamba la mbao linalobandikwa juu ya fanicha, imebaki na rangi ya siku ilipobandikwa. Huo ndio mwanzo mzuri, kwa sababu jua hupausha mbao za walnati lakini za cheri huzikoleza. Usihangaike na mbavu za droo. Hizo kwa kawaida ni za mti mwingine wa bei nafuu, na zimewapotosha wengi.

Kabla ya kuuliza ni mti gani, hakikisha kwanza kuwa ni vinia kweli. Michoro inayojirudia ubavu kwa ubavu, kushoto na kulia zikitazamana, haitoki kwenye ubao mzima. Na kama ukipitisha kioo cha kukuzia unaona vidoti vya wino badala ya vitundu vya asili vya mti, hiyo ni karatasi iliyochapwa. Rudisha kishikio, kazi ya kutambua mti imeishia hapo.

Vitundu ndivyo ninavyovitegemea kuliko kitu kingine. Chagua sehemu ndogo iliyofichika, ondoa vanishi, kisha futa kwa kitambaa chenye tapentaini. Kwa muda mfupi mbao inaonekana kama imepakwa vanishi mpya na nyuzi zake zinajitokeza. Maji achana nayo: fanicha nyingi za zamani zilibandikwa kwa gundi ya wanyama, nayo hulegea ikilowa.

Mwaloni hausumbui. Vitundu vyake ni vikubwa, vimejipanga kwa mistari, na ukiwa umepasuliwa kufuata kipenyo cha gogo utaona mabaka yanayong'aa. Mahogani ina vitundu vya wastani vilivyotawanyika, vinavyoonekana usoni kama vijistari vifupi vyeusi. Mara nyingi ina michirizi ya mwanga na giza inayobadilishana ukisogeza kichwa. Sapele inafanana nayo sana, ila michirizi yake imepangika mno. Msaji una mafuta, na ukiupiga msasa unanukia kama ngozi.

Meza moja ya kuandikia niliyopewa kama mahogani ilikuwa nyekundu hasa. Nilipoisafisha kona, wekundu wote ukahamia kwenye kitambaa, chini yake ukabaki uso mweupe wa waridi wenye vidoadoa vidogo vya kahawia, vifupi kama punje za mchele, na vitundu visivyoonekana kwa macho. Ni biichi, mti wa Ulaya, uliotiwa rangi. Mwenyewe hakufurahi, lakini meza ilikuwa nzuri vilevile.

Unene nao pima. Vinia ya kale iliyopasuliwa kwa msumeno hufika milimita 1.5 hadi 3; ya kisasa, inayokatwa kwa kisu cha mashine, ni kama milimita 0.6, na msasa wa pupa unaitoboa. Ukiweka kiraka chembamba kwenye vinia nene utapata shimo, hivyo bandika vipande viwili kimoja juu ya kingine, nyuzi zikielekea upande mmoja. Mimi hubandua vinia kwenye fanicha zilizokufa kabisa na kuzihifadhi: unene unalingana, na rangi imeshakomaa.