Nafundisha Muscat, natembea Oman: jibu kwa watu wangu wa Lamu

Tangu nianze kutuma picha, swali moja limekuwa likinifuata kwa sauti mbalimbali. Mpwa wangu, ambaye amemaliza shahada ya ualimu na bado anasubiri kuajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu Kenya, ameliuliza kwa adabu: je, mwalimu anayefundisha Oman hupata kweli nafasi ya kuiona nchi, au zile ni picha za siku moja zinazotolewa kidogo kidogo mwaka mzima? Shangazi yangu wa mtaa wa Langoni yeye hakuzunguka: "Umekwenda kufundisha au umekwenda kutembea?" Nawajibu wote wawili pamoja, maana jibu lao ni moja. Natembea, tena sana, ila natembea kwa kalenda ya shule, kwa gari, na kwa pesa ambazo zingeweza kuja nyumbani.

Nianze na kalenda. Wiki ya kazi huku huanza Jumapili na kwisha Alhamisi, na mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Nafundisha hisabati katika shule ya binafsi, na kabla ya saa moja asubuhi inanipasa niwe nimeshafika. Jioni narudi na madaftari, na baada ya madaftari kuna maandalizi ya masomo, ripoti na ujumbe wa wazazi ambao hauheshimu usiku. Picha hizo hamzioni kwa kuwa hakuna mtu anayepiga picha ya rundo la madaftari. Nitoe mfano mmoja wa namna kazi inavyoamua mwalimu aone nini. Katika mji wa Ibra kuna soko la wanawake, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake, na siku yake ni Jumatano. Nilikaa Oman muda mrefu nikilisikia kwa masikio tu, kwa sababu kila Jumatano nilikuwa mbele ya ubao, mpaka likizo fupi ya katikati ya muhula iliponiokoa.

Jua nalo lina kalenda yake. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la Muscat huweza kupita nyuzi 40, na mtu hutoka nyumba yenye kiyoyozi akaingia gari lenye kiyoyozi akaenda duka lenye kiyoyozi. Msimu wa kutembea ni kuanzia Oktoba hadi Machi, na humo ndani mna mitihani miwili na mikutano ya wazazi. Atakayekuja huku akidhani kila mwisho wa wiki ni safari atachoka mapema.

La pili ni gari, na hapa sisi watu wa Lamu tuna tatizo letu wenyewe. Nimekulia mji ambao mtoto huenda chuo cha Kurani na shuleni kwa miguu, mzigo hubebwa na punda, na safari ndefu ni mashua ya kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara. Kuendesha gari sikuwahi kukuhitaji. Muscat imelala kati ya milima na bahari kwa kilomita nyingi, vitongoji vimetengana, na barabara kuu haivukiki kwa miguu ila penye daraja. Mabasi yapo, na yale ya mikoani yanafika Nizwa, Sur hata Salalah, lakini basi humshusha mtu mjini, na mambo mengi yanayofaa kutazamwa yako mabondeni na milimani. Ilinibidi nijifunze udereva nikiwa mtu mzima. Mtihani wa huku una sehemu ambayo wageni wote huizungumza kwa hofu, nayo ni kurudisha gari kinyumenyume katikati ya mapipa bila kuligusa hata moja. Mwalimu wangu wa udereva, bwana mpole wa makamo, alikuwa akifumba macho kila ninapolikaribia pipa la mwisho. Nilifaulu, na tangu siku hiyo Oman ikawa nchi nyingine kwangu. Lita moja ya petroli ya kawaida huku ni baisa 229, yaani chini ya robo ya riali, na riali moja ni zaidi ya shilingi 300 za Kenya. Pigeni hesabu mlinganishe na bei ya kituo cha mafuta cha Mokowe.

Sasa mambo ninayoyaona. Kama ningeambiwa nimchagulie mgeni mahali pamoja tu, ningempeleka Nizwa siku ya Ijumaa. Inabidi kuondoka Muscat kabla ya alfajiri, kwa sababu mnada wa mifugo huanza mapema na jua likipanda umekwisha. Wanunuzi hukaa na kusimama wakifanya duara, wengine katikati yake, na wauzaji huzunguka katika njia iliyobaki, kila mmoja akivuta mbuzi wake kwa kamba huku akitaja bei kwa sauti. Anayevutiwa humshika muuzaji mkono. Mbuzi husimamishwa, midomo hufunuliwa meno yakatazamwa, kiwele hupimwa kwa kiganja, mgongo hubonyezwa kwa vidole viwili, kisha bei hujibiwa kwa bei, na wasipoafikiana muuzaji huendelea kuzunguka bila kinyongo. Wamo wanawake wa Kibedui waliovaa barakoa zao, na katika kubishana bei sijaona mwanamume aliyewashinda. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama karibu mno, na mzee mmoja aliyeishi Unguja kabla ya mwaka 1964 akaninong'oneza kwa Kiswahili safi kwamba mbuzi yule mweusi asinidanganye, ni mgonjwa. Sikuwa na nia ya kununua mbuzi, lakini nilimshukuru kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Ngome ya Nizwa iko hatua chache kutoka hapo. Ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, wa ukoo wa Ya'rubi, na ndio Waya'rubi walioiteka Fort Jesus ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Kwa mtoto wa pwani, kutembea ndani ya ngome hii ni kuisikia historia ya kwao kutoka upande wa pili wa bahari. Vita vya Shela, vya Lamu dhidi ya Pate na Mombasa, na ngome yetu ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821 chini ya mkono wa Busaidi, ukoo uliotawala Oman baada ya Waya'rubi, tumevisoma kwa macho yetu. Huku vinatajwa, vikitajwa, kama tawi la mti mkubwa ulioota Oman. Nitasema pia kwamba waongoza wageni niliowasikia huzungumza kwa ufasaha juu ya karafuu, meli na tende, na wakifika kwenye watumwa hukumbuka kwamba muda umekwisha.

Safari iliyonigusa zaidi ni ya Sur. Huu ndio mji wa majahazi yaliyokuwa yakishuka na kaskazi kuja kwetu na kurudi na kusi, na lipo mojawapo, Fatah al-Khair, lililoundwa hapo mwaka 1951 na sasa limewekwa nchi kavu watu walitazame. Nililitazama, nikasoma maelezo, nikapiga picha mliyoiona. Lakini kilichonisimamisha kilikuwa dari. Tuliruhusiwa kuingia nyumba ya zamani iliyokarabatiwa, na nilipoinua macho nikaona boriti zimepangwa sambamba, za unene ule ule, na nyingine bado zikionyesha alama za shoka. Chumba kilikuwa chembamba na kirefu, kama vyumba vya mtaa wetu wa Mkomani, na sababu ni ile ile ya kwetu: boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa, kwa hiyo upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba bali na mti. Mlinzi akaniambia miti hiyo ililetwa na majahazi kutoka Afrika, akautaja mji wangu kwa jina kabla sijamwambia nimetoka wapi. Biashara ile Kenya iliisimamisha mwaka 1982, ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje, na wakataji wetu wanaijua hasara yake. Wenzangu wawili niliosafiri nao, mmoja kutoka Ireland na mwingine kutoka Ufilipino, walishangaa kuniona nimeng'ang'ania kupiga picha dari ilhali nje kuna bahari.

Usiku huo tulikwenda Ras al-Jinz kutazama kasa wakitaga. Watu huingia kwa vikundi, nyuma ya mwongozaji mwenye taa hafifu, na hairuhusiwi kumwangaza kasa kwa simu. Ni jambo zuri na limepangwa vizuri, ingawa niliwawaza wazee wa Kibajuni waliokuwa wakimvua kasa kwa chazo, samaki anayejigandisha kwenye kasa, aliyefungwa kamba, na nikajiuliza wangesema nini wakimwona mtu analipa ili amtazame tu kisha aende zake.

Msikiti mkuu wa Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, nautaja kwa ufupi. Zulia lake moja lina zaidi ya mita za mraba 4,200, na lilifumwa kwa mikono nchini Iran. Wasio Waislamu hutengewa saa za asubuhi, nasi twaingia kuswali. Salalah nayo ni suala la mtazamo. Kuanzia Juni hadi Septemba huko hunyesha manyunyu, milima huwa kijani, na watu wa Ghuba humiminika kutoka kila upande, wengine wakiendesha kilomita 1,000 kutoka Muscat, ili waone ukungu, minazi na migomba na kunywa dafu kando ya barabara. Mimi nilikunywa dafu lile nikalipa, na huku nikinywa nilikuwa nikihesabu minazi ya marehemu babu.

Kuna jambo la karatasi ambalo waalimu wa nchi nyingine hawalijui. Mwenzangu wa Ireland akiamka Ijumaa na hamu ya Dubai, hutia pasipoti mfukoni akaendesha. Mimi, kwa pasipoti ya Kenya, huomba viza kwanza kwa njia ya intaneti nikitegemea kitambulisho cha ukaazi cha Oman, nalipa, nasubiri. Hata Musandam, ambayo ni sehemu ya Oman, imetengwa na ardhi ya Falme za Kiarabu, kwa hiyo anayekwenda kwa barabara huvuka nchi nyingine kati, na mwenye pasipoti kama yangu hutafuta ndege au feri. Silalamiki kwa hilo, ila mpwa wangu asidhani kwamba kuishi karibu na mpaka ni kuuvuka.

Kuhusu usalama, shangazi, nakuhakikishia kwamba mwanamke akisafiri huku haandamwi barabarani, na kijijini atakaribishwa kahawa na tende mpaka aombe ruhusa ya kuondoka. Kinachoniogopesha ni mabonde. Wadi, kama mabonde hayo yanavyoitwa huku, nyingi huwa kavu karibu mwaka mzima, watoto wakicheza na watu wakipika, kisha mvua ikinyesha milimani mbali na macho, maji hushuka kwa dakika chache. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu kadhaa, wakiwemo wanafunzi waliokuwa ndani ya gari. Tangu hapo, nikiona wingu mlimani sishuki bondeni, hata kama tumeshafika mlangoni na wenzangu wananicheka.

Tuje kwenye pesa, ambazo naamini ndizo zilizokuwa ndani ya swali la shangazi. Safari ya Sur kwa watu watatu wanaogawana petroli, wakabeba chakula chao na kulala kwenye hema ufukweni, jambo ambalo huku ni la kawaida, hainifikishi riali 10. Hicho ni chini ya kile ambacho baadhi ya waalimu wenzangu hutumia katika mkahawa kwa usiku mmoja, na hakuna anayewauliza kwa sababu mkahawa hauna picha ya kuvutia. Mshahara ukiingia, mimi hutuma nyumbani kwanza, kisha nalipa kodi ya nyumba, na ndipo natazama kilichobaki. Miezi ambayo hamkuona picha, hakikubaki kitu. Shule ya kwanza niliyofundisha ilikuwa ikichelewesha mishahara, na msimu mzima wa baridi ulinipita nikiwa naitazama milima kutoka dirishani. Kutembea sikuachi, shangazi, kwa maana mwalimu anayekaa ugenini kati ya darasa na chumba chake, akihesabu siku za kurudi, huanza kuwachukia wanafunzi wasio na kosa. Nimewaona wa namna hiyo.

Wewe mpwa wangu, ukipata mkataba usome kabla ya kufurahi. Tazama ni nani anayelipa tiketi ya likizo na kila baada ya muda gani, nyumba ni ya shule au ni posho, na likizo za katikati ya muhula zinalipwa au hazilipwi. Vyeti vyako viidhinishwe wizarani Nairobi na ubalozini kabla hujaacha chochote nyuma. Pasipoti yako ikae nawe, na mwajiri anayeitaka aiweke kabatini kwake muulize sababu kwa maandishi. Na leseni ya udereva uanze kuishughulikia mwezi wa kwanza, usingoje kama nilivyongoja mimi.

Likizo ya Julai mwaka huu nakuja Lamu, kwa hiyo Salalah itanyeshewa bila mimi. Orodha za zawadi sizipokei tena. Anayetaka nimtazamie vyeti vyake aje mchana, kabla ya alasiri, kwa kuwa baada ya isha nitakuwa nimeshalala.