Kuitafuta Historia ya Watu Weusi kwa Setilaiti

SWALI: Ndugu Mhariri, nitazuru Boston, Marekani, pamoja na wanangu wanaopenda jiokachingi, yaani mchezo wa kutafuta vikasha vilivyofichwa kwa kufuata latitudo na longitudo zinazoonyeshwa na simu kwa msaada wa setilaiti. Je, mchezo huo unaweza kuwafundisha historia ya Watu Weusi bila kuigeuza kuwa mzaha?

JIBU: Unaweza, mradi kila kituo kiwe na swali ambalo jibu lake hupatikana kwa kusoma bamba au kulichunguza jengo lenyewe. Katika maeneo ya Hifadhi za Taifa za Marekani hairuhusiwi kuficha kikasha bila kibali, na kwa maoni yangu katazo hilo linausaidia mchezo, kwa sababu macho ya mtoto hubaki kwenye historia badala ya kichakani.

Anzieni Beacon Hill, mtaa wa Boston, kwenye Jumba la Mikutano la Waafrika lililojengwa mwaka 1806, ambamo William Lloyd Garrison na wenzake walianzisha chama cha kupinga utumwa mnamo Januari 1832. Jirani yake ipo Shule ya Abiel Smith, iliyofunguliwa mwaka 1835 kwa ajili ya watoto Weusi. Wazazi waliupinga ubaguzi huo kwa miaka mingi, hadi sheria ya jimbo ilipoupiga marufuku mwaka 1855. Waulize wanao kwa nini wazazi hao waliikataa shule iliyojengwa mahususi kwa ajili ya watoto wao.

Nyumba ya Lewis na Harriet Hayden, waliowahifadhi watoro wa utumwa, ni makazi ya watu, hivyo itazameni kutoka barabarani.